Mafundi wa tovuti, mkitukabidhi duka tukabidhini na ufagio

Mhariri,

Mimi huuza mitumba ya watoto katika soko la Kibuye, hapa Kisumu. Nina meza yangu sokoni, na kwa muda wa miaka mitatu sasa nina pia duka la mtandaoni ambalo wateja wangu wa Siaya, Busia, Bungoma na Homa Bay hulitumia, maana hawawezi kufika Kibuye kila Jumapili. Barua hii inahusu hilo duka la pili. Wiki ya tatu ya Desemba iliyopita, wiki ambayo muuza nguo za watoto huisubiri mwaka mzima, duka hilo lilikufa likiwa limesimama.

Nasema likiwa limesimama kwa sababu lilikuwa likifunguka vizuri. Magauni yalionekana, bei zilionekana, picha zilikuwa mahali pake. Ila mteja akibonyeza "Weka kikapuni", kikapu kilibaki kitupu. Akirudia, kitupu. Simu zilianza Alhamisi asubuhi. "Mama, mbona nguo zako hazishikiki?" Mmoja alidhani nimemfungia kwa sababu ya deni la mwezi wa nane. Mwingine, ambaye bila shaka amewahi kununua kwangu na nambari yangu ya Lipa na M-Pesa anayo, alinitumia shilingi 850 bila oda yoyote. Huyo nitamrudia.

Nilimpigia kijana aliyenijengea tovuti. Siku hizi ameajiriwa Nairobi na simu yake hupokewa usiku tu. Nikaiandikia kampuni inayonikodishia nafasi kwenye seva, ile kompyuta inayobeba tovuti, nikajibiwa baada ya saa tano kwamba hifadhidata yangu, yaani daftari la ndani ambamo duka huandika mambo yake, imepita kiwango cha gigabaiti 1 kilicho kwenye mkataba, kwa hivyo imezuiwa kuandikwa. Ilikuwa inaweza kusomwa, lakini haiwezi kuongezewa neno. Ndiyo maana nguo zilionekana na vikapu havikujaa: kuonyesha gauni ni kusoma, kumwekea mteja gauni kikapuni ni kuandika. Waliniambia pia kwamba walikuwa wametuma ilani tatu tangu Oktoba. Nilipouliza zilitumwa wapi, nikapewa anwani ya barua pepe ya yule kijana, kwa sababu yeye ndiye aliyefungua akaunti, na jina lililo kwenye mkataba ni lake. Miaka mitatu nimelipia nyumba ambayo barua zake humfikia mpangaji aliyehama.

Suluhisho lao lilikuwa jepesi: nihamie mkataba mkubwa zaidi, bei mara tatu ya ninayolipa, na duka lingefunguka ndani ya dakika kumi. Mhariri, nilikuwa nimeshashika simu kulipa. Siku nne kabla ya Krismasi mtu hapigi hesabu.

Aliyenizuia ni mpwa wangu, binti wa dada yangu, anayesoma Chuo Kikuu cha Maseno, ambaye alikuwa amefunga chuo akaja kukaa nasi Kondele. Aliuliza swali moja tu: "Anti, tangu uanze umeuza nguo ngapi huko mtandaoni?" Nikamwambia kama 2,100. Akacheka. Nguo 2,100, akasema, hata kila moja ukiiandikia hadithi ya maisha yake, haziwezi kufika gigabaiti moja. "Tukiongeza nafasi bila kujua kilichojaa, mwaka ujao utaongeza tena."

Nilimwambia nadhani ni picha. Usiku uliotangulia nilikuwa nimekaa mpaka saa nane nikifuta picha za nguo zilizouzwa zamani, karibu 600, na duka halikusogea hata kidogo. Hapo ndipo nilipojifunza jambo la kwanza, ambalo naliandika kwa ajili ya yeyote atakayelia usiku kama mimi: picha hazikai ndani ya hifadhidata. Zinakaa kwenye mafaili ya kawaida, kando. Ndani ya hifadhidata kuna maelezo mafupi tu ya kila picha, jina lake na vipimo vyake. Nilikuwa nafagia uani ilhali takataka zilikuwa sebuleni.

Tukafungua hifadhidata yenyewe kupitia ule ukurasa wa usimamizi ambao kampuni hutoa, na kwa mara ya kwanza nikaliona duka langu kwa ndani. Si duka hata kidogo. Ni orodha ya majedwali, kila moja na jina la kutatanisha, na pembeni ukubwa wake. Mpwa wangu akayapanga kuanzia kubwa hadi dogo. Jumla ilikuwa megabaiti 1,288, na gigabaiti moja ni kama megabaiti elfu moja. Jedwali la kwanza peke yake lilikuwa na 846. La pili 251. La tatu 74, la nne 31. Na nguo zote nilizowahi kupanga, oda zote, wateja wote na majina yao, maoni yao, vyote kwa pamoja vilikuwa na megabaiti 86.

Sisi wa mitumba tuna lugha yetu. Robota likikatwa kamba, nguo nzuri kabisa, zile ambazo watu hugombania kabla hazijagusa meza, tunaziita kamera. Zinazobaki baada ya kila mtu kuchagua, zilizochanika na zilizokwisha rangi, ni fagia. Nilipoiangalia ile orodha nilielewa kwamba miaka mitatu nimekuwa nikilipia ghala ambalo sehemu moja katika kumi na tano ni kamera na zilizobaki zote ni fagia. Na sehemu kubwa ya fagia hiyo sikuileta mimi.

Lile jedwali la megabaiti 846 lilikuwa la vikapu. Duka langu limejengwa kwa WordPress, programu ya kujengea tovuti, pamoja na WooCommerce, nyongeza yake ya kuuzia bidhaa, kama yalivyo maduka mengi madogo hapa, na programu hiyo humfungulia kila mgeni anayegusa kikapu mstari wake ndani ya jedwali, ili akienda kuangalia viatu arudi akute gauni lake bado liko. Ni wema mzuri. Mgeni asiye na akaunti, mstari wake unapaswa kuisha muda baada ya saa 48 kisha ufagiliwe. Yangu ilikuwa 412,000. Kaunti nzima ya Kisumu ilihesabiwa watu 1,155,574 katika sensa ya 2019. Kama vikapu vile vilikuwa vya watu, basi zaidi ya theluthi moja ya kaunti, wazee na watoto wachanga wakiwemo, wamepita dukani kwangu wakachagua nguo wakaondoka. Ningekuwa naandika barua hii kutoka Milimani, mtaa wa matajiri.

Havikuwa vya watu. Vingi vilikuwa vya roboti, zile programu zinazotambaa mtandaoni usiku na mchana zikisoma kurasa, nyingine za kutafutia, nyingine sijui za nini. Roboti ikikuta kiungo inakifuata. Ikikuta kiungo cha "Weka kikapuni" inakifuata vilevile, na duka langu, kwa adabu yake, linaipa kikapu. Kesho inarudi kama mgeni mpya, inapewa kikapu kipya.

Bado swali lilibaki: kama vikapu hufagiliwa baada ya saa 48, mfagiaji alikuwa wapi? Jibu tulilipata kwenye faili moja la mipangilio, mstari mmoja ambao yule kijana aliuandika siku ya kwanza. WordPress haina saa yake yenyewe. Husubiri mgeni afungue ukurasa, ndipo hujiuliza kama kuna kazi ya zamu iliyofika wakati wake: kufagia vikapu, kufuta vitu vya muda vilivyokwisha, kumwaga pipa la taka, kufuta oda ambazo hazikulipwa. Mafundi wengi huuzima mpango huo kwa sababu humchelewesha mgeni aliyefika wakati huo, na badala yake huweka saa ya seva yenyewe iufanye kila baada ya dakika kadhaa. Ni kazi nzuri ikimalizwa. Yangu iliishia nusu. Alimfuta kazi mfagiaji wa zamani, akasahau kumwajiri mpya. Ndiyo sababu pia nilikuwa na oda za mwaka juzi zilizoandikwa bado "zinasubiri malipo", nami nikidhani ni ukaidi wa wateja.

Jedwali la pili, lile la 251, lilikuwa la programu ya nyongeza inayohesabu wageni. Niliiomba mwenyewe, sina wa kumlaumu. Nilitaka kujua watu wangapi hunitembelea, na kwa mwezi mmoja nilifurahi kuangalia mchoro ukipanda. Tangu hapo sikuufungua tena, lakini yenyewe iliendelea kuandika mstari kwa kila ukurasa uliofunguliwa na kila mgeni, roboti wakiwemo, siku baada ya siku. La tatu lilikuwa shajara ya kazi za ndani: nimetuma barua pepe hii, nimesasisha bei ile. Kazi zilizokamilika hukaa humo siku 30 kisha hufutwa, ila kazi hiyo nayo humtegemea yule yule mfagiaji. La nne ni la mipangilio, na udogo wake unadanganya. WordPress husoma sehemu ya jedwali hilo kila mtu anapofungua ukurasa wowote, hivyo programu za nyongeza nilizojaribu na kuzitoa zilikuwa zimeacha mizigo yao pale, nayo ikibebwa na kila mgeni aliyeingia. Uzito wa tovuti yangu kufunguka, ambao nilikuwa nikiilaumu mitandao ya simu kwa ajili yake, ulitoka hapo.

Ndani ya zile megabaiti 86 halali nako kulikuwa na uchafu kidogo, na huo ni wangu. WordPress huhifadhi kila toleo la ukurasa unaouhariri isipokuwa uiwekee kikomo. Ukurasa wangu wa "Kuhusu sisi" una aya mbili. Ulikuwa na matoleo 143. Inaonekana nina mengi ya kusema kujihusu.

Naomba nieleze tulivyosafisha, kwa kuwa hapa ndipo watu huharibikiwa. Mpwa wangu alikataa kugusa chochote kabla hatujashusha nakala nzima ya akiba. Mara ya kwanza ilikatika njiani. Mara ya pili tuliibana kwanza, na megabaiti 1,288 zikawa kama 140, kwa sababu vikapu laki nne vinavyofanana hubanika vizuri. Tuliishusha kwa bando la usiku, tukaiweka kwenye kompyuta yake na kwenye diski ya mkononi. Ndipo tukalimwaga jedwali la vikapu lote kwa mkupuo, saa saba usiku, kwa kuwa hata vikapu vya wateja wa kweli hupotea ukifanya hivyo na hatukutaka kumpokonya mtu nguo mkononi mchana. Namba ilishuka palepale hadi 442. Kabla ya jogoo kuwika seva ilikuwa imeruhusu kuandikwa tena, bila mimi kulipa hata shilingi.

La takwimu lilitushangaza. Tulifuta mistari yote iliyozidi siku 30, ukubwa ukabaki 251 vilevile. Nilidhani tumekosea. Kumbe ukifuta mistari kwa kuchagua, MySQL, programu inayoitunza hifadhidata, haipunguzi faili lake. Huacha mapengo na kuyaweka kwa ajili ya mistari itakayokuja. Ni kama rafu: umetoa nguo, lakini mbao bado zimekaa ukutani. Lazima uiamuru ilijenge jedwali upya, nayo ikifanya hivyo huhitaji nafasi ya muda ya kuweka nakala mpya kando ya ile ya zamani. Kwa hiyo anayesubiri mpaka seva ijae pomoni huenda asipate hata nafasi ya kusafishia. Tulipolijenga upya likawa na megabaiti 19. Tulipomaliza yote, duka zima lilikuwa na megabaiti 114.

(Mpwa wangu, akisubiri, alinisimulia kwamba MySQL imeitwa kwa jina la mtoto: Mfini Michael Widenius, mmoja wa walioianzisha, ana binti anayeitwa My. Alipoanzisha nyingine baadaye, MariaDB, akaipa jina la binti yake mdogo, Maria. Nikamwambia kwetu tungeiita Atieno, jina la msichana aliyezaliwa usiku, kwa vile kazi zake zote nimeziona usiku.)

Sasa Mhariri, si kila kilicho kizee ni fagia, na hapa natofautiana na wale wanaowaambia wenye maduka wasakinishe programu ya kusafisha na kubonyeza kila kisanduku. Rafiki yangu anayeuza viatu alifanya hivyo. Wateja wake humlipa moja kwa moja baada ya kuzungumza kwa simu, naye hana mazoea ya kurudi kwenye tovuti kuandika kwamba oda imelipwa. Aliweka kwamba oda zisizolipwa zitupwe baada ya siku 7. Siku ya nane alikuta kitabu cheupe. Bahati yake zilikuwa bado kwenye pipa la taka, zikarudishwa. Angechelewa mwezi mmoja, zingekuwa zimemwagwa.

Oda ni kumbukumbu za biashara. Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inatutaka tuhifadhi rekodi za biashara kwa miaka 5, na mtu wa KRA, mamlaka ya kodi, hatakubali kusikia kwamba programu ilifagia. Kwa upande mwingine, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema taarifa za watu zisihifadhiwe zaidi ya muda unaohitajika kwa kazi iliyozikusanya, isipokuwa pale ambapo sheria yenyewe inadai zikae. Wengi wetu tulidhani sheria ile ni ya mabenki na kampuni za mikopo. Lakini mimi nilikuwa na majina, nambari za simu na maelezo ya nyumba za wanawake waliofungua akaunti miaka mitatu iliyopita, hawakununua kitu, na hawajarudi. "Nyumba ya tatu baada ya posho mill, geti la kijani." Maelezo kama hayo yakiibwa, mwizi hahitaji ramani. WooCommerce ina ukurasa wa mipangilio ya faragha ambapo unaandika kila aina ya kumbukumbu ikae muda gani: akaunti zilizolala, oda zisizolipwa, zilizoshindikana, zilizofutwa, zilizokamilika. Visanduku hivyo huja vikiwa vitupu, na kitupu maana yake ni milele. Nimevijaza sasa. Akaunti zilizolala, miezi 12. Zilizokamilika nimeziacha.

Kuna jambo ambalo wauzaji wa bidhaa mpya hawalijui na mafundi hawalifikirii. Mwenye duka la sabuni ana bidhaa hamsini, nazo hubaki hamsini hata akiuza maelfu. Mitumba si hivyo. Kila gauni ni moja. Linapigwa picha mara moja, linauzwa mara moja, halirudi, lakini ukurasa wake unabaki. Tulihesabu gauni moja la manjano la umri wa miaka minne: lilikuwa na mistari 27 ya maelezo madogo madogo ndani ya hifadhidata, bei, uzito, idadi, hali ya stoki na mengine ambayo sikuyajaza kamwe. Kwa hiyo duka la mitumba hukua kwa kila linachouza, kinyume cha meza yangu ya Kibuye ambayo hupungua. Siku hizi nguo ikiuzwa naipa siku 90, muda wa mteja kulalamika au kurudisha, kisha nafuta ukurasa pamoja na picha zake. Picha nazifuta mwenyewe kwa mkono, kwa kuwa ukifuta bidhaa picha hazifutiki nayo. Oda haipotei: jina la nguo na bei vimenakiliwa ndani ya oda yenyewe.

Sasa ombi langu. Kila wiki tunasoma na kusikia tukihimizwa tupeleke biashara mtandaoni, na mimi sipingi. Desemba ile ile, duka lilipofufuka, siku mbili zilizobaki ziliniuzia kuliko wiki nzima sokoni. Lakini fundi anayejenga duka la mabati Kibuye huniambia maji ya mvua yatapita wapi. Fundi wa tovuti huniachia nenosiri moja na kunitakia kila la heri. Namtaka aniambie siku ya makabidhiano nini kitaongezeka chenyewe hata nisipouza kitu, nani atakifagia, na nitajuaje kwamba mfagiaji yuko kazini. Hayo hayazidi nusu ukurasa. Akaunti ya seva iwe kwa jina langu na barua pepe yangu, hata kama sijui kuitumia. Ilani tatu zingenifikia mimi ningeuliza mtu Oktoba, si Desemba. Nao mafundi watanijibu kwamba tunawalipa kidogo na tunataka kila kitu. Ni kweli, mimi mwenyewe niliomba kupunguziwa mara mbili. Basi waweke bei ya ufagio kando, tuione, tuchague.

Na kampuni zinazotukodishia seva, ambazo huliona jedwali lililovimba kabla yetu: ilani isiseme tu "umekaribia kiwango, ongeza mkataba." Jina la jedwali moja kubwa kuliko yote, na ukubwa wake, ni mstari mmoja wa barua pepe. Ningeuona mstari huo, hata mimi nisiyejua kitu ningeuliza vikapu laki nne ni vya nani. Kumuuzia mtu ghala kubwa zaidi huku ukijua limejaa vikapu vya roboti ni biashara, sikatai. Lakini na sisi tunauza nguo, na tunamwambia mteja ikiwa vifungo havipo.

Kwa wenzangu wa sokoni walio na maduka kama langu, sina mengi. Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi, siku ambayo Kibuye imepoa baada ya Jumapili, nafungua ule ukurasa wa majedwali, nayapanga kuanzia kubwa, naandika namba tano za juu kwenye daftari lile lile la madeni. Dakika kumi. Mwezi huu, kwa megabaiti: vikapu 3, takwimu 21, shajara 9, mipangilio 4, na bidhaa pamoja na oda 82. La takwimu limepanda kidogo, nalitazama. Nimemwomba pia mpwa wangu aweke katazo kwa roboti wasifuate viungo vya kikapu. Wenye adabu wametii, wengine hawajali, lakini mfagiaji mpya huwapitia.

Limebaki la shilingi 850. Zilifika tarehe 19 Desemba, saa nne na dakika chache asubuhi, wakati duka lilikuwa haliandiki. Hakuna oda, na ujumbe wa malipo umeonyesha jina la kwanza na tarakimu chache tu za simu, hivyo siwezi kumpigia. Nimetafuta kwenye oda za zamani, majina kama hilo ni kumi na moja. Siku hiyo bei ya 850 ilikuwa kwenye nguo mbili tu: lile gauni la manjano la miaka minne, na koti la jinzi la mvulana wa miaka sita. Zote mbili nimezitoa kwenye tovuti na kuzitundika nyuma ya meza yangu, kwenye mfuko wa nailoni. Kama anasoma gazeti hili, au jirani yake analisoma, anipigie akitumia simu ile ile aliyolipia oda zake za awali aniambie ni lipi, au nimrudishie pesa.

Muuza mitumba ya watoto,
Kibuye, Kisumu.